Watu wa Miguu na Watu wa Basi

9 Oktoba

Meli ya kwanza ya msimu imeingia asubuhi. Nyeupe, na ndefu kuliko mtaa wetu mzima ukiulaza chini. Nimeiona nikiwa juu ya paa naanika mashuka. Nikashuka, nikafagia ngazi, nikatoa benchi mlangoni, nikajaza ndoo ya chooni. Hiyo ndiyo kazi yangu msimu wote na sioni haya kuisema. Mtu wa meli akishapanda ngazi za mtaa huu anatafuta vitu vitatu: choo, kiti na kikombe cha chai, na vyote viko kwangu. Akitaka kuiona bandari kwa juu nampandisha paani, asukume mashuka apite.

Watu wa meli ni wa namna mbili. Kuna watu wa basi na watu wa miguu. Watu wa basi wamenunua ziara humo humo melini. Wanabandikwa namba kifuani kama magunia yaliyokwisha kupimwa, wanamfuata mtu aliyeinua kibao, wanapakiwa, wanazungushwa, wanarudishwa. Watu wa miguu wanashuka wenyewe, ramani wameishika juu chini, wanapotea, wanachekana, wanafika kwangu jasho linawatiririka. Hao ndio wangu.

Mdomo wangu ni Chiriku. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pekee, niliachiwa hajaota hata jino. Jina la Chiriku amepewa na mtaa kwa sababu hanyamazi, hata usingizini anauliza maswali. Lugha ya wageni anaimwaga kama maji. Mimi shule nimeipita kwa nje tu. Kuandika nimefundishwa na yeye, meza hii hii, akiwa darasa la tatu, ananichapa vidole kwa rula nikikosea. Basi humu nikikosea, aulizwe yeye.

14 Oktoba

Meli. Watu wa miguu wengi mpaka nimetoa viti vya jikoni.

Walikuwepo mume na mke, wazee kama mimi, wamekuja wanagombana ngazi nzima. Nikamwuliza Chiriku wanagombea nini. Akasema mke alitaka basi, mume alitaka miguu. Mume anasema basi ni la kondoo. Mke anamjibu kondoo huwa anafika nyumbani.

Nikamwambia Chiriku amwambie mke ana akili. Akacheka yule mama, akavua viatu.

Lakini nikauliza, kwani wakienda na basi wanapata nini? Chiriku akanieleza jambo ambalo miaka yote nilikuwa silijui vizuri. Basi la ziara likichelewa, meli inalisubiri. Mtu wa miguu akichelewa, meli inaondoka, yeye atajua mwenyewe na mizigo yake iko majini.

"Kumbe wananunua kusubiriwa," nikasema.

"Ndiyo, Bibi. Na kutoogopa."

Kwangu hakuna wa kuachwa. Saa ya ukutani ikigonga tisa nawatoa, hata kama kikombe kiko mdomoni. Nawasukuma na ufagio.

15 Oktoba

Nimefua.

22 Oktoba

Manyunyu. Hakuna meli. Fundi Viatu amenitia kisigino kipya cha kushoto, kile kinacholika kwa sababu ya huu mguu ninaouburuta. Hakutaka kitu. Ana maneno machungu kama dawa lakini mkono wake hauna choyo. Zamani alikuwa dobi wa meli, kazi ya chini kabisa, hakuona bahari ila kwenye mashine ya kufulia. Lugha ya wageni anaijua, ila anasema aliijua kwa kutukanwa kwa hiyo haipendi.

27 Oktoba

Chiriku ameingia anahema.

"Bibi, nimeitwa ofisi ya ziara."

"Umefanya nini?"

"Kazi, Bibi. Wamenipa kazi."

Nikakaa chini. Kisha nikasimama tena, maana kukaa hakukunitosha. Ataipanda meli kwenye bandari ya kabla yetu, jioni atasimama ukumbini awaeleze abiria habari za mji wetu, kesho yake ashuke na kundi lake na kibao chake. Sare ya buluu. Viatu vya kufunga. Nimemshika uso nikamtazama mpaka akaona haya. Mtoto aliyekuwa akila chaki.

Nimempelekea habari Fundi Viatu. Hakuinua kichwa.

"Dada, ofisi ile kazi yake ni kuuza mabasi."

"Na wewe kazi yako ni kuuza soli. Ubaya uko wapi?"

"Mimi simwambii mtu ardhi inauma ili anunue soli."

Wivu, nikasema moyoni. Mzee wa pasi anaona mtoto anaingia melini kwa mlango wa mbele.

3 Novemba

Nimempigia sare pasi tangu alfajiri. Ilikuwa tayari imenyooka, nikaipiga tena.

Ameshuka na kundi lake, nimemwona kwa juu. Amepita chini kabisa ya ngazi zetu, kibao juu. Mtaa mzima tumetoka kumpungia, jirani yangu Mama Vitambaa akatikisa mpaka kanga ya dukani. Hakuinua macho. Jua, labda.

8 Novemba

Meli. Watu wa miguu wachache. Nimemwaga chai iliyobaki.

11 Novemba

Meli. Wachache zaidi. Mama Vitambaa anasema nguo zake zimekunjwa kwenye rafu mpaka zimeshika alama za mikunjo. "Shoga yangu, wameambiwa nini hawa? Wanafika kwenye ngazi ya kwanza, wanatazama juu kama wanatazama kisima, wanageuka."

Nikamwambia mwaka una hali yake.

15 Novemba

Meli kubwa kuliko zote. Wamepanda wawili tu, mume na mke vijana, mikoba wameikumbatia kifuani kama watu wanaopita penye nyuki. Mke akataka choo. Akaingia, mume akasimama mlangoni ameupa mlango mgongo, anatutazama mimi na benchi langu kama askari jela. Nimempa kiti, hakukaa. Nimempa chai, ameishika tu.

Siku za meli Chiriku hayupo nyumbani tena, yuko na kundi lake, basi nikamwita Fundi Viatu anisaidie kusema nao. Wakazungumza kidogo. Nikamwona Fundi amefunga mdomo ghafla, kama mtu aliyemeza mwiba.

"Wanasema nini?"

"Wanasifu chai."

Chai hawakuwa wameinywa. Huyu mzee hajui kusema uongo, na kwa umri wake hatajifunza tena.

20 Novemba

Meli. Hakuna hata mmoja. Nimekaa na benchi langu, mimi na lenyewe.

24 Novemba

Chiriku amekuja na Bwana mmoja wa ofisi, mnene, mpole, ana kalamu tatu mfukoni. Kila baada ya maneno mawili anataja ratiba. Nimemwita Bwana Ratiba na amekubali, hajui kama ni dhihaka.

Habari wanayoileta ni hii. Ofisi inataka kuleta ziara hapa kwangu. Basi litasimama chini, kundi litapanda na Chiriku, watakunywa chai, watapanda paani, watamwona bibi halisi katika nyumba halisi. Nikauliza kama kuna bibi wa bandia. Bwana Ratiba akacheka mpaka kalamu zikatikisika.

"Ila mama, siku za meli mlango uwe wa ziara tu. Watu wanaozurura wenyewe usiwapokee. Mteja wetu akiona mwingine anapata bila ziara anavunjika moyo."

"Hao wanaozurura ndio wageni wangu."

"Wako wapi?" akauliza kwa upole. Benchi lilikuwa tupu mbele yake.

Alipotoka, Chiriku akanipigia magoti, kichwa kwenye mapaja yangu, kama zamani. Akanieleza kwamba Desemba ofisi itamchagua mmoja wa kuajiriwa melini moja kwa moja, safari za mbali, mwaka mzima. Ni yeye au mwenzake mmoja. Ziara ya nyumba ya bibi ameibuni yeye. Ikipendwa, nafasi ni yake.

"Unataka kuniacha?"

"Nataka kuona, Bibi. Miaka yote nawaeleza watu njia ya kurudi melini. Mimi nayo sijavuka zaidi ya bandari moja."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Mtoto ukimpa mdomo usimwambie asiseme.

30 Novemba

Kundi la kwanza. Wameingia wote kwa pamoja na namba zao vifuani, chumba kikajaa harufu ya mafuta ya jua. Chiriku amesimama katikati amependeza, sauti yake imekuwa nzito kidogo, sauti ya kazi. Nikamimina chai. Akaeleza picha ya marehemu babu yake, wakatazama picha. Akaeleza saa ya ukutani, wakatazama saa. Halafu akasema jambo refu, taratibu, na wote wakautazama mguu wangu.

Wote, kwa mara moja. Nikaufunika kwa kanga bila kujua kwa nini.

Mama mmoja mwenye nywele nyeupe akaja akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Nikampigapiga mgongoni. Nimezoea kubembeleza watu, hata nisipojua msiba ni wa nani.

Walipoondoka nikamwuliza Chiriku, "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia ulianguka, Bibi."

Kweli nilianguka. Watu wa mbali ni wepesi wa machozi, nikasema, na nikaosha vikombe.

1 Desemba

Mama Vitambaa amepita mlangoni, hakukaa. "Naona siku hizi mlango wako una kibao. Jana wametokea watu wa miguu wawili wa kuokota, wamegonga, umewafungia. Wamekuja kukaa dukani kwangu kwenye robota la nguo." Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Akasema, "Mtoto wetu sote, shoga," akaenda.

6 Desemba

Kundi la pili. Chiriku amefika mahali pale pale, na macho yote yakashuka mguuni tena, mahali pale pale, kama ng'ombe wanaogeuzwa na fimbo moja.

Leo Fundi Viatu alikuwamo. Mgeni mmoja alikatikiwa kamba ya kiatu mlangoni, nikamwita aishone. Alikuwa amechuchumaa pembeni na sindano yake. Niliona sindano imesimama. Akamaliza mshono, akamvisha yule mama kiatu chake kwa adabu, akatoka. Chai yake ameiacha nzima.

7 Desemba

Nimemfuata Fundi Viatu kwenye kasha lake la kazi, chini ngazini, asubuhi. Nikakaa mbele yake kwenye kigoda cha wateja, nikavua kiatu kisichoharibika nikampa.

"Hiki kizima," akasema.

"Najua. Jana wamesema nini?"

Akageuza kiatu, akakigeuza tena. "Dada, wewe una miaka mingi. Mambo mengine mtu mzima huyaacha yapite."

"Sijakuuliza umri wangu."

Akanieleza. Nayaandika kama alivyoyasema, maana nikiyaacha kichwani yatanichimba.

Chiriku anawaambia hivi. Kwamba mwaka ule bibi yake alikuwa anapanda ngazi za mtaa huu peke yake, mchana kweupe. Kwamba vijana wa mtaa, watoto wa majirani, walimvamia wakamnyang'anya mkoba, wakamsukuma, akavunjika nyonga. Kwamba majirani walifunga madirisha. Kwamba tangu siku hiyo hata yeye, aliyezaliwa hapa, hapandi ngazi hizi peke yake. "Na ndiyo maana tunafurahi mko nasi leo." Ndivyo anavyomaliza.

Na kwamba haya hayasemwi nyumbani kwangu tu. Wale vijana wawili wa mwezi uliopita walimwambia Fundi siku ile: wameyasikia ukumbini, jioni kabla ya kufika, kutoka kwa msichana mzuri wa sare ya buluu, na nyuma yake kuna picha kubwa ya ngazi zetu. Walikuja tu kwa ubishi wa mume.

Basi ndiyo maana. Ndiyo maana benchi limekauka, ndiyo maana vitambaa vimeshika mikunjo, ndiyo maana mtaa mzima umekaa msimu huu kama jiko lisilo na moto. Nilikuwa namtafuta mchawi, kumbe ndiye ninayempigia sare pasi.

Sasa niandike na kweli, iwepo mahali. Mwaka ule niliteleza kwa maji ya sabuni niliyoyamwaga mwenyewe. Nilimmwagia paka wa Mama Vitambaa aliyekuwa amelala juu ya nguo zangu safi, paka akaruka, mimi nikaenda na maji, ngazi baada ya ngazi. Mtaa umecheka habari ile mpaka leo na mimi nacheka nao. Madirisha hayakufungwa. Yalifunguka yote. Walinibeba juu ya mlango waliong'oa, Fundi Viatu mbele, watoto wa mwokaji mikate nyuma, hao hao vijana wa mtaa, wanabadilishana njiani kwa sababu mimi si mwepesi. Mama Vitambaa alilala sakafuni hospitalini mpaka nikaweza kugeuka, na paka wake ndiye aliyenivunja. Chiriku alikuwepo. Alitembea nyuma yao amekishika kiatu changu kimoja kwa mikono miwili kama kitu cha kioo.

Anajua. Hajasahau neno. Amechukua kila aliyenibeba akamfanya aliyenisukuma.

"Ungeniambia siku ile," nikamwambia Fundi.

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Ningesema wivu.

8 Desemba

Sikula.

9 Desemba

Chiriku amekuja na mkate na habari za mawimbi. Nikamwacha aongee mpaka aliposhusha pumzi.

"Chiriku. Nani alinisukuma?"

Alijua papo hapo. Hakuuliza nani kasema. Akaanza kukata mkate, vipande vyembamba mno, mkate wa mgonjwa.

"Ni hadithi tu, Bibi."

"Hadithi huwa na sungura."

"Ofisini walitufundisha. Mtu akijiona yuko salama hanunui ziara. Kila mji una maneno yake ya kutahadharisha. Mji wetu haukuwa nayo. Nikaulizwa, wewe umezaliwa kule, huna tukio? Nikatafuta."

"Ukakosa wizi, ukawapa mguu wangu."

"Mguu hauumi zaidi kwa kusimuliwa, Bibi."

Nimemlea mtoto huyu. Amekohoa nikakohoa naye. Sijui neno hilo amelitoa wapi, katika nyumba hii halimo.

"Na watoto wa mwokaji? Na Mama Vitambaa aliyefunga dirisha?"

"Sijawataja majina."

"Mtaa una ngazi moja, mama. Nani mwingine anakaa humo?"

Akalia hapo. Kulia kwake bado ni kule kule, anavuta pua kama mwenye mafua. Nilitaka kumshika. Mikono yangu ilikwenda yenyewe, nikaikalia. Akasema tarehe kumi na tisa Bwana Ratiba anakuja na kundi kumtazama kazi, siku ya kuchagua. Nikifunga mlango siku hiyo, nafasi inakwenda kwa mwenzake. Akasema baada ya hapo hatasimulia tena, atakuwa mbali, na ngazi zitabaki zetu.

"Siku moja tu, Bibi. Kaa tu. Huna haja ya kusema kitu."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma.

12 Desemba

Meli. Nimeziba masikio kwa kufua.

16 Desemba

Nimekwenda kwa Mama Vitambaa nikamweleza mwenyewe, kabla hajaambiwa na upepo. Nilisema yote nimesimama. Alikuwa anapima kitambaa kwa mkono, akaendelea kupima mpaka robota likaisha.

"Kwa hiyo aliyekupiga ni mimi au ni paka?"

"Usinichekeshe, nitalia."

"Lia, hapa hakuna mtu wa meli." Akanipa kona ya kitambaa nifutie macho, kitambaa kipya. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Tarehe kumi na tisa utafungua?"

"Nikifunga namvunja. Nikifungua nawauza ninyi."

"Basi mimi siwezi kukuamulia, shoga. Ila ujue dirisha langu litakuwa wazi. Wakitazama juu, waone."

17 Desemba

Joto. Upepo umekufa kabisa, mashuka yananing'inia kama ngozi. Nafikiri hivi: Lugha ya wageni kwa mtu wa kwetu ni nguo ya kuazima. Ndani yake mtu hufanya mambo ambayo kwa nguo yake mwenyewe asingethubutu. Chiriku hajawahi kuyasema maneno yale kwa lugha niliyomnyonyeshea. Hatayaweza. Yatamkwama. Nikimtaka ayaseme mbele yangu kwa lugha yetu, atanitazama, atayasikia, ataacha.

Nitafungua.

19 Desemba

Nimetandika kitambaa cha meza. Nimechemsha chai mapema. Wamepanda saa nne, Bwana Ratiba nyuma yao akihesabu vichwa, kalamu tatu. Madirisha ya mtaa yote yalikuwa wazi. Mama Vitambaa yuko kwenye lake, amekaa kabisa, kama picha. Watoto wa mwokaji wamesimama ngazini na unga mikononi, wanasalimia kila mgeni anayepita, na kila mgeni anakaza mkoba.

Chiriku amefanya picha ya babu. Amefanya saa. Amenigeukia na mkono wake umekwisha kuinuka kunionyesha, nikasema:

"Subiri, mama. Hiyo hadithi ya mguu. Iseme kwanza kwa lugha yetu, nami niisikie."

Wageni wakatabasamu, walidhani ni sehemu ya ziara. Bwana Ratiba akatazama saa yake, kisha ya ukutani.

"Mama, ratiba."

"Meli si inawasubiri watu wako? Na isubiri."

Anajua lugha yetu vizuri kama mimi, huyo bwana. Alijua ninachokifanya. Akakunja mikono akamtazama Chiriku, na mimi nikamtazama Chiriku. Nilikuwa nimekaa, yeye amesimama, na nilimwona jasho juu ya mdomo, pale pale linapomtoka tangu mchanga. Nikasema moyoni, sasa. Sasa ataacha. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe. Nilikuwa nimeshafungua mikono ndani kwa ndani.

Akautazama ukuta juu ya kichwa changu. Akasema:

"Bibi yangu alikuwa anapanda ngazi za mtaa huu peke yake, mchana. Vijana wa majirani wakamvamia. Wakamnyang'anya mkoba. Wakamsukuma. Akavunjika nyonga. Majirani wakafunga madirisha."

Hakukwama. Hakurudia neno. Sauti ilikuwa ndogo lakini imenyooka, na lafudhi ni ya nyumba hii, maneno yamekaa kila moja mahali pake, kama nilivyomfundisha mimi kusema. Dirishani kwa Mama Vitambaa hapakusikika hata mlio wa mwanzi wa kiti.

Mimi ndiye niliyesema ndiyo kwa kichwa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa amemaliza.

"Haya," nikasema. "Sasa waambie wao."

Akawaambia.

Nikanyanyuka. Nikachukua mkongojo, nikapita katikati yao, wakanipisha kwa huruma kubwa, mmoja akanishika kiwiko. Nikatoka nje, nikawaachia nyumba na chai na kila kitu. Nikashuka ngazi moja moja mpaka kwenye kasha la Fundi Viatu, nikakaa kwenye kigoda. Hakuuliza. Alikuwa anapiga misumari, akapunguza sauti ya nyundo.

Walipokuwa wanashuka kwenda kwenye basi, mama mmoja alitoka kwenye mstari akanikumbatia. Nilimwacha. Masikini, hakujua analilia nini. Chiriku alipita mbele yao, kibao juu. Kibao kilikuwa kinayumba, labda ni upepo, ulikuwa umeanza.

20 Desemba

Nimetoa benchi mlangoni. Hakuna meli leo. Nimelitoa tu.

24 Desemba

Chiriku ameipata ile nafasi. Amenitumia mtoto wa ofisi kuniambia.

28 Desemba

Meli. Aliyeshika kibao ni mwingine, kijana mrefu. Amelipeleka basi lake kwingine. Mlango wangu nimeufungua wote, na watoto wa mwokaji wamekwenda bandarini wenyewe kusimama getini na kusema karibuni kwa maneno waliyofundishwa na Fundi Viatu. Wamepata watu wa miguu wanne. Si wengi. Mmoja alikuwa anatetemeka. Nimempa kiti.

3 Januari

Chiriku amekuja kuchukua vitu vyake. Meli yake inaondoka jioni.

Nilikuwa nimekwisha kumfungia sanduku. Soksi za sufu, kwa sababu nasikia huko kuna baridi. Dawa ya kifua. Mkate. Sare zote tatu zimepigwa pasi. Amezikuta juu ya kiti akazishika, akasema, "Bibi, umezipiga."

"Ungekwenda zimekunjika?"

Amekunywa chai. Nimemtengea na yai. Amekula, nimemtazama akila, na nimependa kumtazama akila, Mungu anisamehe. Hatukusema habari ya mguu. Nilimsikia akitafuta pa kuanzia, akavuta pumzi mara mbili, akaiachia. Sikumsaidia. Zamani ningemsaidia.

Mlangoni akalibeba sanduku. Mtaa ulikuwa kimya, kila mtu ndani, lakini madirisha hayakufungwa hata moja. Alizitazama zile ngazi. Kuna ngazi nyingi kutoka kwangu mpaka chini na kila dirisha linazitazama, na mtu akizishuka peke yake anaonekana mwanzo mpaka mwisho.

"Nisindikize, Bibi."

"Mguu unauma leo."

Akainamisha kichwa. Nikamweka kola sawa, ilikuwa imegeuka.

"Nitarudi msimu ujao. Meli itapita hapa."

"Ukirudi," nikamwambia, "usije na kundi. Njoo mwenyewe, kwa miguu yako, gonga kila mlango kuanzia chini. Wangu uwe wa mwisho."

Akahamishia sanduku mkono wa pili. Kisha akashuka.